Vigingi vya Uani

Fundi Mwinyikondo amechora chumba sakafuni
kwa kipande cha chaki cha mjukuu wa jirani.
"Hapa mlango. Hapa choo cha kukaa. Hapa dirisha,"
kisha akalifuta dirisha kwa kisigino,
maana linatazamana na bafu la Bi Sikudhani,
na Bi Sikudhani hataki kuchunguliwa.

Nyumba hii ya vyumba sita, Ilala, Mtaa wa Tukuyu,
babu aliisimamisha kwa boriti na udongo
mwaka ambao mama alikuwa tumboni.
Ukigonga ukuta wa ukumbini, unakujibu kwa vumbi.
"Huu," anasema fundi, "haushiki nondo.
Kipya kisimame kwa miguu yake.
Tuache upenyo wa vidole viwili kati ya mzee na kijana,
wasije wakaangushana."

Nimeandika kwenye daftari la duka:
saruji mifuko thelathini na mitano, kokoto lori moja,
tofali za nchi sita,
gata, kwa sababu masika maji ya mapaa mawili
hukutana hapa uani kama wakwe wasiosalimiana.
Kibali cha manispaa. Nakala tatu za ramani.
Nauli ya kurudi kesho, mwenye muhuri hayupo.

Yote haya ni kwa ajili ya goti la mama.
Kutoka kitandani mwake hadi choo cha uani
ni hatua thelathini na moja. Nimezihesabu
usiku wa mvua, nimempa bega,
simu mdomoni inatumulikia.

Mama hajauliza bei ya saruji.
Ameketi juu ya mbuzi, kifuu mkononi, hakuni,
anaitazama chaki.
"Na mbingu mtaipeleka wapi?"
Fundi akacheka.
Mimi sikucheka: hapa ndipo anapopepeta mchele,
hapa baba alioshwa, nyuma ya mashuka manne,
hapa huinua shingo, tarehe ishirini na tisa Shaabani,
kuusaka mwezi juu ya bati la jirani
kabla redio haijasema.
"Mama, ni futi kumi kwa kumi na mbili tu."
"Futi nazijua. Nazifagia tangu sijajua kuhesabu."

Jioni tukapigilia vigingi vinne, tukavuta uzi.

Asubuhi fundi akaja na futikamba.
Akapima. Akapima tena.
Akaulaumu uzi, akawalaumu kuku.
Vigingi viwili vya mbele vilikuwa vimerudi nyuma futi tatu,
vimepigiliwa upya, vimenyooka kuliko tulivyoviacha,
na kando yao, kwenye mchanga wenye umande,
kandambili moja imekanyaga sawasawa,
nyingine imeburuzwa.

Gizani. Bila bega. Bila tochi.
Na nyundo aliipata wapi?

Nikamkuta jikoni anachuja chai, hanitazami.
"Goti vipi leo?"
"Linauma," akasema. "Limefanya kazi."

Nikafungua daftari, nikakata kumi na mbili,
nikaandika tisa.
"Fundi, fuata vigingi."
"Na ramani?"
"Tutaichora tena."
Akakuna kichwa, akatazama mlango, akatazama chaki.
"Kitanda hakitanyooka."
"Kitakaa mshazari," nikasema.
Akachukua sululu.