Dole Gumba la Kapaya

Barua ilisema: gharama zako hazina risiti,
zimekataliwa zote, kodi imepanda.
Siku thelathini za kuleta pingamizi.
Nikafunga kibanda changu cha asali, Isevya,
nikapanda ngazi za ofisi na ndoo mkononi.

Bwana Lutengano ana kalamu nyekundu na subira ya daktari wa meno.
"Debe arobaini, Mama Nyasolo. Ulinunua kwa nani?"
Kwa Kapaya, wa Ipole, na shemeji zake wawili.
Mizinga yao iko porini, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli.
Mashine ya risiti huko ningeichomeka wapi,
kwenye mninga?

Mauzo yangu umeyakubali, bwana, hadi senti.
Basi kama sikununua, niliuza nini?
Au asali iliota dukani
kama uyoga?

Nikatoa daftari. Kurasa zimegandana,
ukizifungua zinalia kama plasta inayobanduliwa.
Dole gumba la Kapaya, wino wa zambarau,
limekalia milioni mbili na laki nne.
Nikatoa na mpira wa ndani, viraka tisa.
"Hiki nacho?"
Usafirishaji.
Akacheka kwa mabega tu.

Kisha kalamu ikashuka, ikasimama:
"Vifungashio, laki moja na ishirini. Chupa za wapi hizi?"

Feni iligeuza uso kulia, ikageuza kushoto.
Hazikuwa chupa.
Vilikuwa vitenge vya harusi ya mdogo wangu, Kitete,
na mchele.
Futa hiyo, nikasema.

Akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza.
Akafuta.
Halafu akarudi nyuma, taratibu,
hadi ukurasa wa lile dole gumba,
akaandika pembeni: *muuzaji athibitishe*.

Ndiyo maana leo niko Ipole,
nina kitabu cha stakabadhi na kidau cha wino,
matako yanauma kwa pikipiki.
Kapaya ametoka kurina, moshi haujamwacha shati.
"Karatasi ya nini?"
Ya kuonyesha kwamba nilikulipa.
"Kwani nani kasema hukunilipa?"

Sikuwa na jibu fupi.
Akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza.
Alipoinua mkono, karatasi ikainuka nao,
ikaning'inia hapo,
ikakataa kumwachia.