Shoto

Kapu la glavu kuukuu katika uwanja wa Mtaa wa Kumi na Mbili, Erie,
lina glavu thelathini na moja.
Tulizijaribu zote, moja moja,
nami bado nimevaa aproni ya dobi la hospitali.
Zote za kuvaa kushoto.
"Mama, kidole gumba changu kikae wapi?"
aliuliza Zihalirwa, glavu imempinda
kama kiatu cha mguu usio wake.

Kocha Wojcik akakuna shingo,
akaenda kupekua chini ya kiti cha gari,
akarudi na ngozi iliyopasuka, imeshonwa kwa kamba ya kiatu.
Ilikuwa ya marehemu kaka yake.
"Shoto naye," alisema.
Sikuuliza zaidi.

Kwetu mikono ina majina.
Mmoja ni wa kuume, umebeba uanaume mzima;
mwenzake ukaitwa wa kuke,
kana kwamba mwanamke ni upande wa kutawazia.
Na wa kulia ni wa kulia chakula.
Mimi niliulilia.
Shangazi Nsimire aliufunga wangu wa kushoto kwa utepe wa kitenge
kila tulipozunguka ugali,
nikajifunza kumega kwa mkono mgeni,
nikaandika kama mtu anayepanda ngazi gizani.
Hadi leo saini yangu, benki huitazama mara mbili.

Basi siku mwanangu alipopanda kile kilima cha mrushaji
(mimi nakiita kichuguu),
upepo wa Aprili ukitoka ziwani na meno yake,
nilisubiri mtu aje kumfunga.

Hakuja mtu.
Mrushaji wa shoto, nikaelezwa, hutazamana na kituo cha kwanza:
anayenyemelea kuiba cha pili anaonwa mpaka kope.
Mpira wake hutokea upande ambao wapigaji hawajauzoea,
unapinda, unaingia
kama mgeni aliyepitia mlango wa uani.
Naye akishika gongo, yuko hatua moja na nusu karibu zaidi na kituo,
na pigo lenyewe limeshamgeuza aelekee huko.
Hatua moja na nusu!
Nimehama nchi tatu, sijapewa hata hiyo nusu.

Lakini alitaka kudaka nyuma ya mpigaji,
avae kile kizimba cha chuma usoni.
Wakasema hapana, mdakaji wa shoto hawekwi.
Kati ya kituo cha pili na cha tatu, je?
Hapana. Kabla ya kurusha itabidi ageuze kiwiliwili kizima,
na mkimbiaji hamngoji mtu ageuke.
Nafasi nne zina kufuli.
Alinihesabia njiani, kwa vidole vya kushoto.

Shemeji Cikuru alipokwenda kukodi fimbo za gofu
aliletewa seti moja tu ya shoto, ina kutu, mbili hazipo.
Kwenye ukumbi wa ngumi wanamkwepa kijana mmoja, Dashawn:
konde lake linatoka pale ulipotegemea ngao.
Na jirani yetu Bi. Pruitt, aliyecheza tenisi chuoni,
anasema kuna msichana wa shoto aliyemtoa nusu fainali
miaka arobaini iliyopita,
na bado anamwota.
"Hakuwa hodari kunizidi," anasema, akipiga meza.
"Sikuwa nimekutana nao wa kutosha."

Nimelifikiria hilo nikikunja mashuka usiku.
Kwamba ubora wetu ni uchache wetu;
tungejaa, wangetuzoea,
na glavu zingejaa kapuni.

Jumamosi walifungwa tisa kwa nne.
Zihalirwa alimpiga mtoto mmoja mgongoni, akaomba radhi, akampiga tena.
Watu walipoondoka tulibaki wawili, jua likiwa jembamba.
Akanirushia mpira, polepole.
Mkono wangu wa kulia ukatangulia, kama ulivyofunzwa,
ukaukosa.
Mpira ukanigonga begani.

Alicheka mpaka akachuchumaa.
"Mama," alisema, "ule mwingine."