Lumbesa

Saa kumi na moja alfajiri, Isyonje.
Ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha,
nami nimelala chali, nausikiliza mgongo.
Ndio unaoamka wa kwanza nyumba hii.
Jogoo ni msaidizi wake.

Nageukia ubavu, nashusha miguu, najisukuma kwa kiwiko,
polepole, kama Fuso lililojaa likirudi nyuma
na utingo akigonga bodi: njoo, njoo, kata kushoto, hapo hapo.
Tusekile anacheka gizani. Kisha ananyamaza,
maana ndiye aliyenivalisha soksi masika nzima ya mwaka juzi.

Miaka kumi na tisa nimebeba viazi.
Gunia, na juu ya gunia kilemba kilichoshonwa kwa kamba:
mnunuzi analipa moja,
mkulima anatoa moja na nusu,
na ile nusu haikuandikwa popote
ila hapa, chini ya mkanda wa suruali, upande wa kushoto.

*Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.*
Ukuta wa ghala, rangi ya bluu. Niliuegemea
siku uti wangu ulipogoma.
Ubao ulilowa, niligeuka na mzigo begani,
nikasikia kitu kidogo, kama kijiti kibichi.
Sikuanguka. Watu hudhani mtu huanguka.
Nilibaki nimejikunja mbele ya magari,
alama ya kuuliza isiyo na swali.

Nikameza vidonge vya kila rangi.
Nikachanjwa. Nikachuliwa.
Nikaambiwa lala, nikalala wiki tatu,
nikaamka mbao.

Kule mjini, chumba cha mazoezi,
Bi Mgaya, mfupi, mzaliwa wa Makete,
mikono ya kusonga ugali wa msiba,
hakunipa kidonge.
"Paka wako akiamka," aliuliza, "hufanya nini?"
Nauli ya kwenda na kurudi, kwa swali hilo!
Nilirudi nimenuna. Nikamtazama paka.

Basi sasa kila asubuhi, magoti na viganja juu ya mkeka,
naupandisha mgongo hadi uwe kilima,
naushusha hadi uwe bonde.
Watoto wa jirani wamechungulia, wamenipa jina: Babu Nyau.
Nina miaka arobaini na sita.
Halafu natembea hadi shuleni na kurudi, hata manyunyu yakiwepo.
"Maumivu si breki kila mara," alisema Bi Mgaya,
"mengine ni honi tu."

Sijapona. Nisikudanganye.
Juni, baridi ikiteremka kutoka Rungwe,
mpangaji huyu asiyelipa kodi hugonga ukuta usiku kucha.
Namwekea chupa ya maji ya moto, nimeifunga kitenge,
tunakaa hivyo, mimi na yeye, hadi kuche.

Lakini jana nilimwona Anyelwisye uwanjani.
Kumi na minane. Miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa,
anaunyanyua mzigo kwa mgongo mtupu
huku akitazama kama wasichana wanaona.
Nilijiona.

"Shusha," nikamwambia. "Chuchumaa. Ukumbatie mzigo, ukae tumboni.
Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usijisokote kama kamba.
Na hilo gunia, wawili."
Nikamgeukia dereva: "Kilemba kitoke kwanza."
Akacheka. Wabebaji wapo wengi, akasema.
Na kweli wapo. Walikuwa wamekaa juu ya ukingo, wananitazama
kama mtu aliyekojoa kisimani.

Ujira wa siku ile ulikwenda kwa wengine.
Lakini kijana alikwisha kuchuchumaa.
Kwa kidole gumba alitafuta fundo, akalifungua,
na ile nusu ikamwagika matopeni,
kiazi kimoja kimoja, bila haraka.
Mama mwenye shamba akaleta ndoo.

Tuliibeba hadi kwake, mimi na mwanangu,
kila mmoja upande wake wa mpini,
tukisimama kila mgongo uliposema tusimame.
Ulisema mara mbili.