Mgeni wa Chumbageni

Chama cha posta kilipotoa safari, siku saba, tiketi juu yao,
bosi wangu Kibua alicheka hadi akakohoa:
"Sofia? Ndiyo wapi tena?
Mtu akienda Ulaya, si aende Ulaya ya kwenye kalenda!"
Nikaenda.

Sitawadanganya. Ni mji mkuu wa rangi ya chai iliyopoa,
plasta imebanduka, tramu za njano zinalalamika kwenye kona.
Supu ya maharage na mkate, bei ya chipsi mayai.
Maduka mengine yako chini ya ardhi, dirisha usawa wa goti:
unachutama, noti inashuka, biskuti inapanda.
Na mabomba! Hadharani, bure,
maji ya moto kutoka tumboni mwa ardhi.
Bibi mmoja amepanga madumu matano.
Nikamwonyesha chupa yangu, akatikisa kichwa.
Nikageuka na aibu yangu.
Akanikimbilia, akainyakua, akaijaza mwenyewe.
Kumbe kwao kutikisa kichwa ndiyo ndiyo.

Nikanusa yale maji, nikasimama.
Harufu hii nimesimuliwa tangu utotoni:
Galanosi, kule Amboni,
mwendo wa baiskeli kutoka kitandani kwangu.
Miaka hamsini na miwili.
Sijafika.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nikajiwekea masharti ya kule:
ramani nyuma ya bahasha, viatu vya bapa,
pesa kidogo ndani ya soksi,
na asiwepo wa kunijua.

Sharti la mwisho lilikufa Ngamiani, barabara ya nane.
"Bi Zumlati, kuna msiba?"
"Hakuna."
"Basi wenda wapi na viatu hivyo?"
"Natembea."
"Wamtembelea nani?"
"Mji."
Akanitazama kama kifurushi kisicho na anwani.

Chini ya mnara wa saa nikainua shingo.
Nimepita hapa mara elfu nikikimbilia dirisha langu la stempu,
nikitazama mishale tu.
Leo nimeutazama mnara.
Una mabega.

Makumbusho, getini, kijana Mndolwa
aliondoa daftari la wageni chini ya sahani yake ya mihogo.
Jina. Nchi. Maoni.
Ujerumani, Ujerumani, Japani, Ujerumani,
mtoto mmoja amechora samaki.
"Wa hapa bei yao ndogo," akasema, "ila hawaji."
Kalamu ikakwama kwenye Nchi.
Nikaandika: Chumbageni.
Akasoma, akacheka, akanirudishia mia mbili.

Kwenye picha ukutani, wanaume wamejipanga mbele ya marobota ya katani,
majina yao hayakuandikwa,
la mwenye shamba limeandikwa mara mbili.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko mbele ya makuba ya dhahabu ya kule,
maana mmoja ana masikio ya babu.
Labda siye. Wenye masikio hayo ni wengi Muheza.

Halafu baiskeli ya kukodi, mnyororo unalia,
vumbi, mkonge, kibao kilichoinama,
kibao kingine kinachoelekeza kwenye mkonge.
Nikapotea mara mbili katika wilaya niliyoisambazia barua miaka ishirini na sita.

"Waja leo, waondoka leo," ndivyo Tanga tunavyosemwa.
Mimi sikuja. Nilizaliwa.
Pengine ndiyo maana sikuwahi kufika.

Nimekaa sasa juu ya jiwe, miguu ndani,
maji yamewaka, yananuka yai,
hakuna bibi, hakuna dumu,
kuna mbuzi wawili na ganda la sabuni.
Simu inaita. Mume wangu:
"Nimeambiwa umeonekana ukipiga picha ukuta wa benki.
U mzima wewe?
Utarudi kula?"

Nikatikisa kichwa, kwa namna ya kule,
nikasahau kwamba simu haina macho.