Safu ya Pili

Babu Eleuterio amenyoa kondoo miaka arobaini na mitatu,
mia na hamsini kwa siku alipokuwa na mgongo.
Sufu yote hiyo ikitandazwa, husema,
ingefunika changarawe toka Cochrane hadi ziwani
na ikabaki ya kujazia mto wa kulalia.
Ndiyo maana ilimchoma
kushindwa na unywele.

Huala, mbwa wetu wa malisho, alianza kukonyeza mwezi wa tatu,
jicho la kushoto, kama mtu anayekupa siri sokoni.
Tulicheka. Tukamkonyeza nasi.
Kisha chozi likachora mfereji wa kahawia kwenye manyoya meupe,
akawa anajisugua kwenye mguu wa meza,
kwenye rundo la kuni, kwenye buti langu.

Tulilaumu upepo.
Huku kwetu upepo hulaumiwa kwa kila kitu:
paa, mimba, deni, maziwa kuchacha.
Tukalaumu miiba ya kalafate,
na teke la yule dume mwenye pembe iliyovunjika.
Shangazi Hortensia akaleta maji ya kamomili na pamba.
Jicho likanywa, likalia tena.

Kondoo walijua kabla yetu.
Walianza kutorokea kushoto,
mmoja, kisha sita, kisha nusu ya kundi,
upande ule ambao Huala alikuwa ameufunga,
bila haraka,
kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

"Amezeeka," alisema babu.
Ana miaka minne, nikasema.
Hakujibu. Alikuwa akitazama bunduki ukutani,
au saa iliyo juu yake. Sikuuliza.

Saa saba za vumbi hadi Coyhaique.
Daktari Oyarzún hasemi na watu mpaka amalize na mnyama.
Mimi nilishika kichwa. Babu alishika kofia.
Akadondosha tone la rangi ya machungwa, akazima taa,
akawasha nyingine ya buluu,
na juu ya jicho la Huala ukang'aa kijani
mkwaruzo mrefu uliopinda,
kama wa ufunguo kwenye mlango wa gari.

"Njoo uone, mzee." Akampa kioo cha kukuza,
akaubinua ukope kwa kidole gumba.
Nyuma ya kope za halali,
kwenye ukingo wenye unyevu pasipopaswa kuota kitu,
zilisimama nywele nne zisizo na rangi,
safu ya pili, ncha zimelielekea jicho.
Kila alipopepesa, zilifagia.

Babu alitazama muda mrefu.
"Ni zake mwenyewe."
"Ni zake."
"Si upepo."
"Si upepo."
Akakirudisha kioo kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini mbwa hana nguo ya kuvua akakung'uta.

Kibanio kiling'oa moja, mbili, tatu; ya nne ilikatika.
Zitaota tena, alisema daktari, wiki nne au tano.
Iko mashine ya kugandisha mizizi, Puerto Montt.
Akataja bei.
Babu akahesabu kwa midomo, nami nilijua anahesabu wanakondoo.
Alifika ishirini na sita, akaacha.
"Hicho kibanio," akauliza, "kinauzwa wapi?"

Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi meza husogezwa dirishani.
Babu huvaa miwani miwili, yake na ya marehemu bibi,
moja juu ya nyingine.
Huala hupanda benchi bila kuitwa, akaweka kidevu mezani.
Mikono iliyomvua kondoo joho zima kwa dakika tatu
hutetemeka nusu saa juu ya kitu kisicho na uzito.
"Usipumue," huniambia mimi, si mbwa.
Akiupata huulaza kwenye kitambaa cheusi
na kuuhesabu kwa sauti, kama zamani mbele ya mwenye shamba.
Mwezi wa sita: mbili, na kipande.

Kovu limebaki, wingu dogo jeupe pembeni mwa jicho.
Kondoo wawili watatu bado wanalijua wingu hilo.
Babu huwaona wakipita, wala hapigi mluzi.
Humngoja Huala ageuze shingo.

Hugeuza. Huchelewa, lakini hugeuza.