Kukata Kauli

Ghala la asali, Sikonge, saa tisa usiku:
kompyuta ya mizani ikaanguka tena,
ikamwaga mistari kumi na saba myeupe, upesi,
kama mgonjwa anayetaja wanaomdai.
Mlekwa, mlinzi, akaizima, akaiwasha.
Ndivyo anavyoiponya redio yake.

Asubuhi nikakuta skrini imenawa uso,
haina habari na jana.

Basi nimevuta waya mpaka kwenye mashine kuukuu
isiyo na kazi nyingine ila kusikiliza.
Nikamwambia Mlekwa: ikianza kusema, usiiguse.
Marehemu huyu ana wasia.

Akacheka. Lakini usiku wa Jumanne
alikaa nayo, tochi mkononi, hakugusa kitu.

Mara ya nne ilikata kauli katikati ya neno.
Nikanakili kwenye daftari la hesabu,
sifuri kwa sifuri,
ukurasa ukinata nta ya vidole vyangu.

Namba ile ile. Mara zote nne
imejikwaa kwenye kipande kimoja cha kumbukumbu.

Nyamizi wa malipo anachungulia dirishani,
wafugaji wa nyuki wamepanga ndoo hadi barabarani.
Imepona?

Bado.
Ila leo imenionyesha panapouma.