Wachache

Sheria ya hospitali iko wazi: mgonjwa aambiwe.
Nikamwambia.
Mzee Khamphan alikaa ukingoni mwa kitanda,
macho yameiva bizari,
mikono ameikuna hadi damu,
na uzi mweupe wa baraka umemkaa kiwikoni.
Maisha yake yote alikula samaki mbichi wa mto Chi,
na vijidudu vyao vikapata ini, vikajenga.

Nikasema: mdomoni tutapitisha mpira
wenye jicho la kuona, na wenye sikio
la kusikia kilicho nyuma ya ukuta wa tumbo.
Toka tumboni tutalitoboa ini, tuweke mrija wa nyaya,
nyongo ipate njia mpya; ya zamani imezibwa na uvimbe.
Hatari zipo. Kuvuja. Damu. Homa. Mrija kuhama.
Huwapata wachache.

Akauliza, "Hao wachache, daktari, wanaitwa nani?"
Saowapha, binti yake, akamfinya.
"Majina siyajui, mzee," nikasema, tukacheka sote,
naye akatia dole gumba.

Niseme ukweli, ilikwenda vizuri.
Sindano iliingia mara moja.
Kwenye kioo mfereji ulikuwa mweusi, mnene, umefura.
Waya ukapenya, mrija ukachanua,
na nyongo ikaja, nzito, kijani cha kinamasi,
miezi miwili ya uchungu ikimwagika palipostahili.
Nesi Rungnapha alipiga makofi, na glavu zake mkononi.
Kabla ya adhuhuri nilikuwa nafinyanga tonge la wali wa kunata
kwa mkono mmoja, kwa mwingine naandika ripoti:
hakuna matatizo.

Mrija wa nyaya ukitanuka hufupika.
Kila mwenye kazi hii analijua hilo.
Upande wa tumbo niliacha sentimita moja na kitu.
Ningeacha tatu.
Ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi,
tumbo nalo lina safari zake;
sikuviunga, niliviomba tu vishikane mikono,
na usiku, mzee alipogeuka kuutafuta usingizi,
vikaachana.

Simu ililia saa tisa za usiku.
Husemwa, mambo yakiharibika, yametumbukia nyongo.
Hapa nyongo yenyewe ndiyo iliyotumbukia,
tone, tone,
mahali pasipo na mlango wa kutokea.
Tumbo gumu kama ubao. Hakupiga kelele.
Alinitazama kama mtu amtazamaye mdeni wake
ambaye ni jirani pia.
Akasema, "Khamphan."
Nikadhani anaweweseka.
"Uliniambia majina yao huyajui."

Alfajiri tuliingia tena kwa njia ileile.
Ncha ya mrija ilikuwa imetoka tumboni, inaning'inia
kati ya viungo viwili, kama daraja lililokosa ng'ambo.
Nikapitisha mrija wa pili ndani ya wa kwanza, mrefu,
mkono wa shati ndani ya mkono wa koti.
Safari hii nilipima. Nikapima tena.
Rungnapha hakupiga makofi.

Homa ilimkalia siku kumi na moja.
Kisha manjano ikaanza kumtoka, viganja kwanza,
na Saowapha akamwegemeza dirishani
aone mvua ikiingia Khon Kaen bila yeye shambani.

Alirudi nyumbani. Alikuta mpunga umefika magotini.
Alikufa kabla haujavunwa, kwa uvimbe, si kwa mkono wangu;
wenzangu wamenirudishia hesabu hiyo kwa upole, mara nyingi.
Lakini alikuwa amebakiwa na siku mia na ushee,
na kumi na moja nilizila mimi.

Bado nawaambia: huwapata wachache.
Ni kweli, na sheria iko wazi.
Ila nikishalitamka neno hilo nanyamaza
kadiri ya pumzi moja,
ini lipande,
lishuke,
na aliye mbele yangu apate nafasi ya kuuliza.